Kasi ya kifaa na usingizi wake katika kerneli ya Linux: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaofanya kazi na bodi ndogo za Linux huku Nyanda za Juu Kusini: wanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) pale Iyunga, mafundi wa simu wa Mwanjelwa, na wenzetu wanaofunga kamera na vipimo vya hali ya hewa vya sola Rungwe, Makete na Mafinga. Bodi iliyofungwa Tukuyu, ambako mawingu huweza kufunika paneli siku mfululizo, haina umeme wa kuchezea. Kifaa kimoja kinachokesha bila kazi kinatosha kumaliza betri kabla hakujapambazuka.

Msimamo wetu tunausema mapema, kwa sababu majibu mengi yanarudi hapo: kifaa kiwe macho au kilale ni uamuzi wa runtime PM, sehemu ya kerneli (kiini cha Linux) inayolaza na kuamsha vifaa. Devfreq, sehemu inayopanga kasi, inafuata uamuzi huo, na haina ruhusa ya kuamsha kifaa kilicholala eti ili ikipime.

## Mambo ya mwanzo

1. Devfreq ni nini, na runtime PM ni nini?

Devfreq ni sehemu ya kerneli inayopandisha na kushusha kasi ya vifaa ambavyo si CPU: GPU (chipu ya picha), kidhibiti cha kumbukumbu, hata hifadhi ya UFS iliyomo ndani ya simu. Iliingia katika Linux 3.2, Januari 2012, kazi iliyoanzishwa na MyungJoo Ham wa Samsung.

Runtime PM ni ya zamani zaidi. Rafael J. Wysocki ndiye aliyeiandika, na ilitoka na kerneli 2.6.32 mwezi Desemba 2009. Kazi yake ni kulaza kifaa kimoja kimoja kinapokosa kazi, huku mashine yenyewe ikiendelea na shughuli zake.

2. Zote zinapunguza umeme. Kwa nini ziwe mbili?

Mwenye mashine ya kusaga ya dizeli pale Mbalizi ana njia mbili za kubana mafuta. Foleni ikiwa fupi, anapunguza moto na mashine inazunguka taratibu. Wateja wakiisha, anaizima kabisa, akijua kuwa kuiwasha tena kuna gharama yake. Devfreq ni ile njia ya kwanza, runtime PM ni ya pili.

Shida ni kwamba ndani ya kerneli njia hizi mbili ziliandikwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti, na hakuna inayoijua nyingine kwa undani. Anayezijua zote mbili ni draiva ya kifaa, yaani programu inayokiendesha ndani ya kerneli. Ndiyo maana hitilafu karibu zote tunazoletewa chanzo chake kimo ndani ya draiva.

3. Kipi kinaokoa umeme zaidi: kupunguza kasi au kulaza?

Hapa watu wengi wanakwenda kwa mazoea, na mazoea yanawapoteza. Umeme unaoliwa na chipu ikiwa kazini unakaribia kuwa sawia na kasi mara volteji, na volteji hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Ukipunguza kasi peke yake, kazi ileile inachukua muda mrefu zaidi, na nishati ya kuimaliza inabaki karibu palepale. Faida inakuja pale volteji nayo inaposhuka.

Tuchukue chipu ya RK3399, inayopatikana kwenye bodi nyingi za bei ya kati. Katika jedwali la GPU yake lililomo kwenye kerneli, kasi ya 800 MHz inataka volti 1.1, na 600 MHz inataka 0.925. Halafu angalia chini: 400, 297 na 200 MHz zote zinatumia volti 0.825. Kutoka 800 hadi 400 unaokoa kwelikweli, kwa sababu kazi ileile kwenye 800 MHz inakula takriban mara 1.78 ya nishati inayoliwa kwenye 400. Lakini kutoka 400 hadi 200 volteji haijashuka hata kidogo. Umeongeza tu muda ambao GPU inabaki macho, na muda wote huo kuna umeme unaovuja.

Kwa hiyo kwenye chipu kama hii tunashauri uweke `min_freq` (kasi ya chini kabisa inayoruhusiwa) kwenye 400 MHz, uache kazi iishe haraka, kisha runtime PM ilaze kifaa. Usilichukue hili kama kanuni ya kila chipu. Soma jedwali la kifaa chako kwanza, utafute ni wapi volteji inaacha kushuka.

4. Nimefungua `/sys/class/devfreq` na hakuna kitu. Kerneli yangu ni mbovu?

Hapana. Si kila kifaa kinapitia devfreq. Kwenye laptopu yenye GPU ya Intel, draiva ya i915 inasimamia kasi yenyewe. Kwenye Raspberry Pi, kasi hizo ziko mikononi mwa programu ya ndani ya chipu. Ukitaka kujifunza kwa vitendo, tafuta bodi ya Rockchip, Allwinner au Amlogic yenye GPU ya Mali (aina ya GPU ya kampuni ya Arm).

## Kuangalia hali ya kifaa

5. Nitajuaje kama kifaa kimelala, na kiko kwenye kasi gani?

Mfano huu ni wa GPU ya RK3399:

```
cat /sys/class/devfreq/ff9a0000.gpu/cur_freq
cat /sys/class/devfreq/ff9a0000.gpu/governor
cat /sys/class/devfreq/ff9a0000.gpu/trans_stat
cat /sys/devices/platform/ff9a0000.gpu/power/runtime_status
cat /sys/devices/platform/ff9a0000.gpu/power/runtime_suspended_time
```

Mistari mitatu ya kwanza inaiuliza devfreq, miwili ya mwisho inaiuliza runtime PM. Zisome pamoja kila mara. Mtu anayeleta `cur_freq` peke yake tunamrudisha akachukue na `runtime_status`, kwa sababu bila hiyo hatuwezi kusema lolote la maana.

6. `cur_freq` inasema 800 MHz lakini `runtime_status` inasema `suspended`. Niamini ipi?

Zote mbili ni za kweli. `cur_freq` inataja kasi iliyopangwa mara ya mwisho, na mapigo ya saa (ishara inayokiendesha kifaa) yaliyokatwa bado yana kasi iliyoandikwa kwenye daftari la kerneli. Kifaa kimelala. Swali linalobaki ni kitaamka kwa kasi gani, na hilo liko kwenye swali la 13.

Kuna jambo moja la kuchunguza hapo. Kama kasi hiyo ya juu imeacha volteji nayo juu kwenye njia inayolisha vifaa vingine pia, basi unapoteza umeme kifaa kikiwa kimelala. Ndiyo sababu baadhi ya majedwali yana alama ya `opp-suspend`. Kasi yenye alama hiyo hutumika kama kasi ya kulalia: devfreq inashuka hapo inapositishwa, halafu ikirudi inarejesha ile iliyokuwepo.

7. Nimejumlisha muda ulio kwenye `trans_stat`, mbona ni mfupi kuliko muda ambao bodi imekuwa ikiwaka?

`trans_stat` inaonyesha muda uliotumika kwenye kila kasi, na muda ambao upimaji umesitishwa hauhesabiwi humo. Kama draiva yako inasitisha devfreq kila kifaa kinapolala, tofauti hiyo inapaswa kukaribiana na `runtime_suspended_time`. Zikiachana sana, kuna mahali draiva inalaza kifaa bila kuiambia devfreq. Ni kipimo rahisi, na kimetuonyesha hitilafu nyingi kabla hata hatujafungua msimbo.

8. Kifaa hakilali kabisa. Nianzie wapi?

Anza na `power/control`. Ikiwa imeandikwa `on`, runtime PM imekatazwa kukilaza. Iandikie `auto`. Ikiwa tayari ni `auto`, angalia kama kuna programu iliyokishikilia kifaa, mfano kamera iliyofunguliwa na haikufungwa. Hayo yote yakiwa safi, mtuhumiwa anayefuata ni upimaji wa devfreq wenyewe. Soma swali la 11.

## Kuandika na kurekebisha draiva

9. Mpangilio sahihi wa kulala na kuamka ni upi?

Wakati wa kulala: kwanza hakikisha kifaa hakina kazi, pili ita `devfreq_suspend_device()` inayositisha devfreq, tatu kata mapigo ya saa na umeme. Wakati wa kuamka, geuza: umeme na mapigo kwanza, `devfreq_resume_device()` mwisho.

Ukaguzi wa kazi unakuja kabla ya kusitisha devfreq kwa sababu nzuri. Ukisitisha devfreq kwanza, halafu ukagundua kifaa kina kazi ukarudisha `-EBUSY` (yaani "nina kazi"), kifaa kitabaki macho kikiwa na devfreq iliyokufa, na kasi itaganda pale ilipokuwa. Draiva ya Panfrost ya GPU za Mali inafuata mpangilio huu huu, na ni msimbo mzuri wa kusoma kabla hujaandika wako. Kama hatua ya tatu inaweza kushindwa, usisahau kuirejesha devfreq kwenye njia ya makosa.

10. Bodi inaganda ghafla, haina ujumbe wowote, na inatokea GPU ikiwa haina kazi. Ni joto?

Mara nyingi si joto, hasa hapa kwetu mwezi wa saba. Devfreq inapima kila baada ya milisekunde kadhaa kwa kuita `get_dev_status`, fanksheni ya draiva inayosema kifaa kimekuwa na kazi kiasi gani. Kama fanksheni hiyo inasoma rejista (nafasi za kumbukumbu zilizo ndani ya kifaa) za kifaa ambacho kimekatiwa mapigo, CPU inatuma ombi na hakuna wa kujibu. Kwenye chipu nyingine utapata ujumbe wa SError (kosa la maunzi) na kerneli inaanguka. Kwenye nyingine CPU inasubiri milele, hakuna logi, na watchdog (kipima muda cha ulinzi) ndiyo inayoiwasha upya bodi.

Kuthibitisha ni kazi ndogo: andika `on` kwenye `power/control` ya kifaa hicho. Bodi ikiacha kuganda, umempata mhusika. Hiyo ni njia ya kuthibitisha tu. Usiiache hivyo kwenye bodi ya sola.

11. Basi niweke `pm_runtime_get_sync()`, inayoamsha kifaa na kukishika, ndani ya `get_dev_status`?

Usifanye hivyo. Hili ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote, kwa sababu linaonekana kuwa dawa ya swali la 10 na kwenye majaribio mafupi linafanya kazi.

Ubaya wa kwanza ni kukwama kwa kungojeana. Mpimaji wa devfreq anashika kufuli la devfreq (linaloruhusu mmoja tu kwa wakati), kisha anaita `get_dev_status`. Wakati huohuo runtime PM imeanza kulaza kifaa, na fanksheni ya kulala imeita `devfreq_suspend_device()`, ambayo inataka kufuli lilelile na inasubiri mpimaji amalize. Mpimaji naye, kupitia `pm_runtime_get_sync()`, anasubiri kulala kukamilike ndipo akiamshe kifaa. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Huenda ikachukua wiki kabla nyakati hizo mbili hazijagongana, na zikigongana bodi iko Makete na wewe uko Mbeya mjini.

Ubaya wa pili ni mkimya. Hata zisipogongana, kila upimaji unaweza kukiamsha kifaa au kukizuia kulala. Ukipima kila milisekunde 50 na muda wa kusubiri kabla ya kulala ni milisekunde 50, huenda kifaa kisilale kamwe. Devfreq iliyoletwa kuokoa umeme inakuwa ndiyo inayokikesha.

Njia sahihi ni kuuliza bila kuamsha:

```
if (pm_runtime_get_if_in_use(dev) <= 0) {
        st->busy_time = 0;
        st->total_time = 1;
        st->current_frequency = d->kasi;
        return 0;
}
/* kifaa kiko macho: soma rejista hapa */
pm_runtime_put(dev);
```

Kuna njia bora zaidi pale inapowezekana: usiguse kifaa kabisa. Panfrost inahesabu muda wa kazi kwenye kumbukumbu tu, inaandika saa kazi inapoanza na saa inapoisha, na `get_dev_status` yake inasoma hesabu hiyo. Hakuna rejista, kwa hiyo hakuna cha kuganda.

12. Kwa nini `total_time` ni 1 na si 0? Na kwa nini `pm_runtime_put()` ya kawaida?

Gavana (sehemu ya devfreq inayoamua kasi) wa `simple_ondemand` akikuta `total_time` ni 0 anakimbilia kasi ya juu kabisa, ili asigawanye kwa sifuri. Vivyo hivyo `current_frequency` ikiwa 0. Ukirudisha muundo uliojaa sifuri ukidhani unasema "kimelala", umesema "panda hadi mwisho".

Kuhusu `put`: `pm_runtime_put()` inashusha kihesabu cha watumiaji wa kifaa na kuangalia kama muda wa kulala umefika, bila kuanza kuhesabu upya. Ukiita `pm_runtime_mark_last_busy()` hapo, au ukitumia `pm_runtime_put_autosuspend()` kwenye kerneli za karibuni ambamo inaweka alama hiyo yenyewe, upimaji utahesabika kuwa kazi na unarudi kwenye ubaya wa pili wa swali la 11. `pm_runtime_put_noidle()` nayo ina mtego wake: kama mtumiaji halisi aliachia kifaa wakati wewe umekishika, hakuna atakayerudi kuangalia, na kifaa kinabaki macho mpaka kazi nyingine ije.

Ukihitaji kusoma kifaa ambacho hakina mtumiaji ila bado hakijalala, `pm_runtime_get_if_active()` ndiyo inayofaa. Kagua toleo la kerneli yako, maana idadi ya hoja zake imewahi kubadilika.

13. Nimeshaita `devfreq_suspend_device()`. Mbona fanksheni ya `target`, inayobadilisha kasi, bado inaitwa kifaa kikiwa kimelala?

Kwa sababu `devfreq_suspend_device()` inasitisha upimaji, na upimaji si njia pekee ya kufika kwenye `target`. Mtu akiandika `min_freq` au `max_freq`, au ulinzi wa joto ukibadilisha kikomo, kerneli inakokotoa kasi upya papo hapo. Ndugu aliyeleta bodi kutoka Mafinga alikuwa na hati ya cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) inayoandika `max_freq` kila usiku, na bodi ilikuwa ikiganda saa ileile.

Linda `target` yenyewe. Kifaa kikiwa kimelala, hifadhi kasi iliyoombwa na uiweke kitakapoamka, kabla ya kazi ya kwanza kuanza. Draiva ya GPU za Adreno, za Qualcomm, imebeba wazo hilohilo: kubadilisha kasi si sababu ya kuamsha kifaa.

14. Kifaa kikiamka kinakwenda taratibu mno kwa muda, ndipo kinachangamka. Kwa nini?

Hesabu za muda hazikufutwa. Kama kifaa kililala sekunde kumi na wewe ukazijumlisha kwenye `total_time`, gavana anaona kifaa kisicho na kazi hata kama sasa hivi kimezidiwa. Futa hesabu hizo kabla ya kuita `devfreq_resume_device()`.

## Mambo ya pembeni

15. Draiva yangu inatumia `pm_runtime_irq_safe()`. Kuna tatizo?

Lipo. Ukishatangaza hivyo, fanksheni za kulala na kuamka zinaweza kuitwa mahali ambapo hairuhusiwi kusubiri, na `devfreq_suspend_device()` inashika kufuli linaloweza kusubiri. Viwili hivi havikai pamoja. Ondoa `irq_safe`.

16. Mashine nzima ikilala, devfreq inasitishwa mara mbili. Je, kuna madhara?

Hapana, mradi kila kusitisha kuna kurejesha kwake. Devfreq ina kihesabu: wa kwanza kusitisha ndiye anayefanya kazi, wa mwisho kurejesha ndiye anayeiamsha. Tatizo linakuja draiva inapoita moja bila nyingine kwenye njia ya makosa iliyotajwa katika swali la 9.

17. Niweke muda gani wa kupima, na muda gani wa kusubiri kabla ya kulala?

Panfrost inatumia milisekunde 50 kwa vyote viwili, na kizingiti chake cha kupandisha kasi ni asilimia 45, wakati cha kawaida cha `simple_ondemand` ni 90. Hizo ni za skrini inayohitaji kuonekana laini. Kwa kamera inayopiga picha moja kila dakika, hakuna sababu ya kusubiri muda mrefu: picha ikiisha, kifaa kilale. Muda wa kusubiri una faida pale tu kazi zinapofuatana karibu kiasi kwamba kuamsha kila mara kunagharimu zaidi ya kukesha.

18. Nikitaka msaada, nilete nini?

Toleo la kerneli, jina la chipu, matokeo ya amri zote tano za swali la 5 yakichukuliwa mara mbili, kifaa kikiwa na kazi na kikiwa hakina, pamoja na msimbo wa fanksheni zako za kulala, kuamka, `target` na `get_dev_status`. Kama bodi inaganda, unganisha waya wa serial kabla ya kuja na uache logi ikirekodi usiku kucha, kwa sababu kinachoandikwa kwenye kadi mara nyingi hakifiki kabla ya kuganda.